Usalama Lamu: Magazini ya silaha ni jambo lisilozungumzwa

KILA shambulio linapotokea katika Kaunti ya Lamu, mjadala hurejea palepale: je, polisi wa akiba waongezwe, na raia wenye leseni wakubaliwe kubeba silaha kwa wingi zaidi? Wakazi huomba, viongozi husisitiza, nayo serikali huahidi kutathmini. Jambo moja huachwa nje ya mjadala huo, nalo ni hali ya silaha zenyewe baada ya kukaa miezi kadhaa katika hewa ya chumvi mikononi mwa wanaotarajiwa kuzitumia.

Swali hilo huenda likaonekana dogo mbele ya masuala mazito kama ugaidi, ardhi na umaskini. Hata hivyo, kuna kundi la watu ambao wamelichunguza kwa miongo mingi, nao ni wanamichezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Jibu lao halitofautiani sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Bastola inapokwama, kifaa cha kwanza kushukiwa ni magazini, yaani kile kisanduku cha chuma au plastiki kinachobeba risasi ndani ya mpini.

Mwanamichezo aliyekwama hupoteza kikombe. Askari aliye Basuba au Mangai, pembezoni mwa msitu wa Boni, akikwama huenda asipate nafasi ya pili. Kwa sababu hiyo, yale yaliyogunduliwa katika viwanja vya michezo yana uzito kwa Lamu kuliko inavyodhaniwa.

Kumbukumbu ya miaka ya hofu

Lamu ina sababu ya kutaka ulinzi wa kutegemewa. Mnamo Septemba 11, 2011, watu wenye silaha walivamia hoteli moja ya kitalii eneo la Kiwayu, wakamuua Mwingereza David Tebbutt na kumteka nyara mkewe, Judith. Oktoba 1 mwaka huo huo, Mfaransa Marie Dedieu alitekwa nyara kutoka kisiwa cha Manda na akafariki mikononi mwa watekaji wake. Katikati ya mwezi huo, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka na kuingia Somalia.

Usiku wa Juni 15, 2014, mji wa Mpeketoni ulishambuliwa. Katika mashambulio ya siku hizo mjini humo na vijiji vya karibu, watu wapatao 60 waliuawa. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilichunguza kisa hicho na kukosoa jinsi vikosi vya usalama vilivyoitikia kwa kuchelewa na bila uratibu. Septemba 2015, serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni kwa lengo la kuwafurusha wapiganaji wa Al-Shabaab kutoka msituni.

Mashambulio hayakukoma. Julai 2017, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Pandanguo na siku chache baadaye wakawaua wanaume tisa katika kijiji cha Jima. Januari 5, 2020, kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilivamiwa na Wamarekani watatu wakauawa. Januari 2022 ikawa zamu ya Widho, na Juni 2023 vijiji vya Juhudi na Salama.

Katika visa vingi vya aina hii, walio karibu zaidi na adui ni polisi wachache wa kituo kidogo au raia waliokabidhiwa bunduki kama polisi wa akiba. Msaada hutoka mbali, barabara ni mbovu, na nyakati za mvua magari hukwama kwenye tope. Dakika za kwanza huwa za hao wachache peke yao. Ikiwa silaha zao hazifanyi kazi katika dakika hizo, helikopta itakayofika baadaye haitawafaa.

Kazi ya kisanduku kidogo

Ili kuelewa kwa nini magazini hupewa uzito, ni muhimu kujua jinsi bastola inayojipakia yenyewe inavyofanya kazi. Risasi inapofyatuliwa, nguvu ya mlipuko husukuma nyuma sehemu ya juu ya bastola, ambayo huitwa slaidi. Slaidi hiyo hutupa nje ganda tupu, kisha springi yake huirejesha mbele. Ikiwa njiani, hukokota risasi mpya kutoka juu ya magazini na kuiingiza ndani ya chemba. Mzunguko huo wote humalizika kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Katika muda huo mfupi, magazini inatakiwa kuinua risasi inayofuata hadi mahali pake, katika mwinamo unaofaa, kabla slaidi haijarudi. Kazi hiyo hutegemea vitu vitatu. Cha kwanza ni springi iliyojikunja ndani. Cha pili ni kibao kidogo kinachokaa juu ya springi na kusukuma risasi. Cha tatu ni kingo mbili za juu za magazini, ambazo mafundi huziita midomo, zinazoishikilia risasi hadi wakati wa kuiachilia.

Springi ikilegea, risasi huchelewa kupanda na slaidi hupita bila kuikokota, ama huikuta imelala vibaya na kuibana. Midomo ikipanuka au kupata ufa, risasi huachiliwa mapema na wakati mwingine mbili hutoka kwa pamoja. Mchanga ukiingia ndani, kibao hukwama katikati. Kwa vyovyote vile matokeo ni mamoja: mwenye bastola hufinya kifyatulio na pasitokee chochote.

Kuna dalili ambayo walengaji wazoefu huitumia. Magazini ikiwa imejaa, springi imebanwa kabisa na ina nguvu nyingi. Ikibaki risasi moja au mbili, springi imenyooka na nguvu yake ni ndogo. Kwa hivyo, magazini inayofanya vyema mwanzoni na kukwama kwenye risasi za mwisho aghalabu ina springi iliyochoka. Vivyo hivyo, bastola ambayo slaidi yake haibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, ilhali imeundwa kufanya hivyo, inatoa onyo la mapema.

Aidha, kuna imani iliyoenea kwamba kuiacha magazini ikiwa na risasi ndiko kunakoua springi. Wahandisi husema springi iliyotengenezwa vizuri, ikibanwa ndani ya kiwango chake, haichoki sana kwa kukaa. Huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiliwa mara nyingi, pamoja na kubanwa kupita kiwango, kama inavyotokea watu wanapolazimisha risasi zaidi ya zile ambazo magazini iliundwa kubeba. Bastola maarufu ya Marekani ya 1911, mathalani, iliundwa kwa magazini ya risasi saba. Zilipotengenezwa baadaye magazini za risasi nane zenye umbo lilelile, baadhi zilifahamika kwa kusumbua, kwa kuwa nafasi ya springi ilikuwa imepunguzwa.

Mafunzo ya viwanja vya michezo

Mchezo wa kulenga shabaha una sura nyingi. Katika Michezo ya Olimpiki, shindano la bastola la mita 25 la kufyatua kwa haraka humtaka mlengaji afyatue risasi tano kwenye shabaha tano kwa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Kanuni zake hutenganisha aina mbili za hitilafu. Bastola ikikwama bila kosa la mlengaji, anaweza kukubaliwa kurudia mfululizo huo. Ikiwa yeye ndiye aliyesahau kutoa kizuizi cha usalama au hakuweka risasi za kutosha, hapewi nafasi hiyo na hupoteza alama.

Michezo ya vitendo haina huruma ya namna hiyo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri nchini Marekani. Chama cha IDPA, kinachojikita katika bastola za kujihami, kilianzishwa mwaka 1996. Katika mashindano ya mashirika haya, mlengaji hukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine, akibadilisha magazini njiani, huku saa ikihesabu. Bastola ikikwama, saa haisimamishwi. Chini ya kanuni za IPSC, mlengaji hurekebisha hitilafu mwenyewe akiwa ameelekeza mtutu upande salama na kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Akishindwa kwa dakika mbili, zoezi lake humalizikia hapo.

Hasara yake hupimika. Katika IPSC, alama za mlengaji hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Aliyepata alama 60 kwa sekunde 10 huandikiwa 6.0. Mwenzake mwenye alama hizo hizo, lakini aliyepoteza sekunde tatu akihangaika na risasi iliyokwama, huandikiwa 4.6. Karibu robo ya matokeo yake imetoweka kwa sababu ya kipande cha waya kilicholegea.

Ni adhabu hiyo iliyowafunza wanamichezo nidhamu ambayo nje ya michezo ni nadra. Kila magazini huandikwa nambari, ili ile inayokwamisha ijulikane na isichanganyike na nzuri. Magazini za mazoezi, ambazo huangushwa chini mara kwa mara, hutengwa na zile za mashindano. Iliyoanguka mchangani hufunguliwa, ikafutwa na kurejeshwa kabla ya kutumiwa tena. Springi hubadilishwa kwa ratiba, bila kungoja zivunjike. Upana wa midomo hupimwa kwa kifaa cha vipimo. Zaidi ya yote, hakuna anayeamini magazini mpya kabla ya kuijaribu kwa risasi zilezile atakazotumia siku ya shindano.

Wakazi wa Lamu hawahitaji maelezo marefu kuhusu mantiki hiyo. Katika mashindano ya mashua ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, nahodha hajui tu upepo. Hukagua tanga, foromali na henza kabla ya kutia nanga mstarini. Mbao za chombo hukalafatiwa kwa pamba na kupakwa mafuta ya sifa kwa wakati wake. Hakuna nahodha anayesubiri maji yajae ngamani ndipo atafute kalafati. Bunduki na bastola huingia katika hewa hiyo hiyo ya bahari, lakini si lazima zipate uangalizi wa aina hiyo.

Ceska ya polisi na Ceska ya michezo

Wapo watakaosema kwamba bastola za mashindano ni vyombo vya matajiri visivyohusiana na kazi ya polisi. Ukweli ni kwamba uhusiano upo, na Wakenya wanaufahamu kwa jina. Bastola ambayo magazeti ya humu nchini huitaja kila mara kama Ceska, na ambayo polisi wengi wa Kenya wamekuwa wakibeba, ni ya ukoo wa CZ kutoka iliyokuwa Czechoslovakia. Muundo wa CZ 75 ulibuniwa na ndugu František na Josef Koucký na ukatambulishwa mwaka 1975 ukitumia risasi za milimita 9. Kutokana na ukoo huo ilizaliwa CZ Shadow 2, mojawapo ya bastola zinazotumiwa mno katika mashindano ya IPSC duniani.

Kwa maneno mengine, mlengaji wa kimataifa na konstebo wa Kenya wanaweza kuwa na silaha za asili moja, zenye magazini zinazofanya kazi kwa kanuni ileile. Tofauti ni kwamba wa kwanza hufyatua maelfu ya risasi kwa mwaka na hujua kila magazini yake kwa nambari. Wa pili huenda akapitisha miezi mingi bila kufyatua hata moja, na magazini aliyokabidhiwa imepita mikononi mwa wengine kabla yake.

Nchini Kenya, mchezo huu umekua chini ya vilabu vinavyofuata kanuni za IDPA, na uwanja wa Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu umewahi kuandaa mashindano ya kiwango cha bara. Wengi wa wanaoshiriki ni raia wenye leseni wa Nairobi na viunga vyake. Ujuzi huo haujasambaa kwa kiwango sawa hadi pwani ya kaskazini, ambako hatari ni kubwa zaidi.

Umuhimu wa raia waliofunzwa ulidhihirika Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi na watu wasiopungua 67 kuuawa. Miongoni mwa walioingia mapema kuwaokoa watu walikuwa raia wenye leseni na polisi waliovaa kiraia. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye mwaka 2021 alichaguliwa kuwa seneta wa Garissa, kaunti inayopakana na Lamu, aliingia akiwa na bastola dhidi ya watu wenye bunduki za AK-47. Mtu mwenye bastola katika hali hiyo ana risasi chache na muda mfupi. Hawezi kumudu anasa ya magazini yenye mashaka.

Chumvi, mchanga na tope

Mazingira ya Lamu huongeza uzito wa swali hili. Kaunti hii ina visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, pamoja na bara inayoanzia Mokowe hadi Witu na kaskazini hadi mpaka wa Somalia. Askari anayehamishwa kutoka Mokowe hadi kisiwani husafiri kwa boti, na mawimbi ya kusi humrushia maji yeye na vyote alivyobeba. Kwenye visiwa, njia nyingi ni za mchanga. Barani kuna vumbi wakati wa kiangazi na tope jeusi wakati wa masika.

Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Magazini nyingi za chuma zina koti jembamba la rangi au dawa, ambalo likikwaruzwa huacha chuma wazi. Kutu ndani ya kuta zake hufanya kibao kiparuze badala ya kuteleza. Risasi zilizokaa mfukoni au mkandani kwa miezi hushika ukungu wa kijani, na risasi yenye ukungu haipiti midomoni kwa wepesi.

Jibu la haraka la wengi ni kumwaga mafuta. Hapo ndipo kosa la pili hutokea. Mafuta mengi ndani ya magazini hunasa mchanga na kuugeuza kuwa uji mzito. Isitoshe, mafuta yanayopenya kwenye risasi yanaweza kuharibu baruti au kiwasho chake, ikafyatuliwa na isilipuke. Ndiyo maana wazoefu huacha magazini iwe karibu kavu ndani, hata pale ambapo sehemu nyingine za bastola zimepakwa mafuta.

Yale yanayosemwa kuhusu bastola yanahusu bunduki pia. Polisi wa akiba katika sehemu mbalimbali za Kenya wamejulikana kwa kubeba bunduki kuukuu, zikiwemo za aina ya G3. Magazini ya G3 hubeba risasi 20, na ikibonyea upande mmoja kwa kuangushwa au kukaliwa garini, tatizo ni lilelile la bastola ya mashindano.

Dunia ilivyolipa gharama

Historia ya vita imejaa ushahidi kuhusu jambo hili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Ufaransa lilitumia bunduki ya rashasha nyepesi ya Chauchat, iliyoanza kutumika mwaka 1915. Magazini yake yenye umbo la nusu mwezi ilikuwa na upande ulio wazi ili askari aone risasi zilizobaki. Kwenye mahandaki, upande huo uliingiza tope, na bunduki ikapata sifa mbaya ambayo haijafutika hadi leo.

Nchini Vietnam, katikati ya miaka ya 1960, bunduki za M16 za Marekani zilikwama mikononi mwa askari. Uchunguzi wa Bunge la Marekani mwaka 1967 ulionyesha kwamba baruti ilikuwa imebadilishwa na kwamba vifaa vya kusafishia na mafunzo yake havikutolewa ipasavyo. Askari walikuwa wameambiwa kuwa silaha hiyo mpya karibu haihitaji kusafishwa. Uingereza nayo ililazimika kuifanyia marekebisho makubwa bunduki yake ya SA80 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na magazini mpya zilikuwa sehemu ya marekebisho hayo.

Katika visa vyote vitatu, hapakuwa na uhaba wa bunduki. Mataifa tajiri yalikuwa yamegawa silaha kwa maelfu, kisha yakabaini kwamba kugawa silaha na kuwapa askari uwezo wa kupigana ni mambo mawili.

Sheria inaangalia nini?

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ina mizizi katika miaka ya 1950. Huweka mkazo kwa mtu na silaha: nani amepewa leseni, kwa sababu gani, na bunduki yake ni ya aina na nambari ipi. Bunduki za kivita kama AK-47, G3 na MP5 haziruhusiwi mikononi mwa raia wa kawaida. Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i aliamuru wamiliki wote wa silaha wapigwe msasa upya chini ya bodi ya leseni, baada ya kubainika kuwa baadhi ya vibali vilitolewa kwa njia isiyofaa. Mwaka 2019, polisi wa akiba katika kaunti kadhaa walipokonywa silaha ili wakaguliwe.

Hatua hizo zilikuwa na msingi. Silaha iliyo katika mikono isiyofaa ni hatari kuliko kutokuwa na silaha. Lakini msasa wa mtu haumwambii yeyote kama silaha yake itafanya kazi. Magazini kwa kawaida haina nambari ya usajili kama bunduki, na hivyo huweza kubadilishwa, kupotea au kuchakaa bila kuacha alama kwenye daftari lolote.

Kuna suala la usalama wa umma pia. Watu wengi hudhani kwamba bastola ikitolewa magazini huwa tupu. Dhana hiyo imeua watu duniani kote, kwa sababu risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, na bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Katika mashindano, mlengaji hutoa magazini, huvuta slaidi nyuma, na msimamizi huikagua chemba kwa macho kabla ya bastola kurudi alani. Mtu asiyefunzwa ambaye bastola yake imekwama sokoni au nyumbani, akianza kuipapasa huku mtutu ukielekea popote, ni hatari kwa jirani zake kabla ya kuwa hatari kwa adui.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja nzito dhidi ya kulipa suala hili kipaumbele. Ya kwanza ni gharama. Risasi za mazoezi ni ghali, na kikosi ambacho hakina makazi bora wala magari hakiwezi kuanza kwa kununua springi. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililowasilisha ripoti yake mwaka 2023, lilianika matatizo mengi ya maslahi na vifaa katika idara ya polisi.

Hoja hiyo, hata hivyo, inageuka ikitazamwa kwa makini. Springi na kibao cha magazini ni miongoni mwa vipande vya bei nafuu zaidi katika silaha nzima. Kuandika nambari kwa rangi hakugharimu chochote cha maana. Kutenga magazini mbovu na nzuri kunahitaji daftari na afisa mwenye bidii. Aidha, tangu Aprili 2021 Kenya ina kiwanda cha kuunganisha silaha ndogo huko Ruiru, mbali na kiwanda cha risasi cha Eldoret. Taifa lenye uwezo wa kuunganisha bunduki haliwezi kudai kwamba limeshindwa na waya wa springi.

Hoja ya pili ni kwamba Lamu haitaokolewa na bunduki. Wanaoitoa husema kwamba mizozo ya ardhi, kutengwa kwa jamii ya Waaweri wa Boni, uhaba wa barabara na kutoaminiana kati ya raia na maafisa ndiyo mambo yanayowapa wavamizi nafasi. Hoja hii ni ya kweli. Habari ya kijasusi kutoka kwa mchungaji au mvuvi anayeiamini serikali inaweza kuokoa watu wengi kuliko bastola kumi.

Lakini serikali tayari imewakabidhi silaha watu katika maeneo hayo, na haitarajiwi kuziondoa zote kesho. Maadamu zipo, aliyezitoa ana wajibu wa kuhakikisha zinafanya kazi na kwamba aliyepewa anajua kuzishughulikia. Kumpa mwanakijiji bunduki yenye magazini iliyobonyea na kumwita mlinzi ni kumfanya shabaha ya wavamizi, ambao hujua kuwa silaha iliyo mikononi mwa watu wachache waliotengwa ni mali rahisi kuteka.

Kinachohitajika

Nidhamu ya wanamichezo inaweza kuhamishiwa Lamu bila sheria mpya. Kila kituo kinaweza kuwa na daftari la magazini lenye nambari, tarehe ya ukaguzi na hitilafu zilizoonekana. Ukaguzi unaweza kupangwa kufuatana na misimu ambayo kila mtu wa pwani anaijua: mmoja baada ya masika na mwingine kaskazi inapoanza. Magazini iliyokwama mara mbili iondolewe, isirudishwe sandukuni ili ampate askari mwingine asiyeijua historia yake.

Polisi wa akiba nao wanahitaji siku za mazoezi zenye risasi halisi, wakitumia magazini zilezile watakazobeba doria, huku wakifunzwa kurekebisha hitilafu bila kuhatarisha wenzao. Walengaji wa vilabu, ambao wengi wao wana ujuzi wa kufunza, wanaweza kuombwa kusaidia chini ya usimamizi wa polisi. Kwa raia wenye leseni, wakati wa kuihuisha ungekuwa fursa nzuri ya kuwataka waonyeshe kwamba silaha yao pamoja na magazini zake zinafanya kazi, na kwamba wanajua kuithibitisha kuwa tupu.

Hatua hizi hazitazuia shambulio kupangwa ng'ambo ya mpaka, wala hazitamaliza malalamiko ya wakazi wa Witu, Hindi na Mpeketoni. Faida yake ni finyu lakini ni ya hakika: zinapunguza uwezekano wa askari aliyeachwa peke yake usiku kugundua hitilafu wakati ambapo hana tena muda wa kuirekebisha.

Mjadala wa kuongeza silaha utarejea tena Lamu, pengine hivi karibuni. Wabunge, kamati za usalama na makamanda watakapokaa kuujadili, swali la idadi ya bunduki litajibiwa kwa urahisi kwa kuwa idadi huandikwa kwenye hati. Wakazi wana haki ya kuuliza la pili: kati ya bunduki hizo, ni ngapi ambazo magazini zake zimefunguliwa, zikasafishwa na kujaribiwa katika miezi sita iliyopita, na ni nani aliyetia sahihi?